Giaboksi ya Otomatiki Inapoteleza: Kusoma Dalili na Taa za Dashibodi Kabla ya Kufungua Chochote

Dereva anayetoka Dodoma kwenda Iringa kwa njia ya Mtera huenda kilomita nyingi kwenye barabara isiyodai nguvu kubwa, mpaka anapoukabili mlima wa Nyang'oro. Hapo ndipo giaboksi iliyokuwa ikificha ugonjwa wake hujitangaza: dereva anakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, injini inalia, lakini gari haliongezi mwendo, na huenda taa ambayo hajawahi kuiona ikawaka mbele yake. Wengi hurejea mjini wakiwa wamekwisha kuambiwa kwa simu kwamba giaboksi imekufa, na kesho yake wanaulizia ya mtumba.

Haraka hiyo ndiyo inayowagharimu. Klachi zilizo ndani ya giaboksi ya otomatiki hazibanwi kwa mguu wa dereva. Hubanwa na presha ya oili, na presha hiyo huelekezwa na valvu zinazotawaliwa na solenoidi (koili za umeme zinazofungua na kufunga njia za oili) kwa amri ya kompyuta. Gia inapoteleza, au kuslipu kama mafundi wanavyosema, maana yake ni kwamba mahali fulani katika mfululizo huo klachi haikubanwa inavyotakiwa. Chanzo kinaweza kuwa upungufu wa lita moja ya oili, waya uliotafunwa na panya, solenoidi iliyokwama au klachi zilizokwisha kabisa. Kwa dereva aliyeshika usukani hali hizo zote huonekana karibu sawa, ilhali gharama zake hazikaribiani hata kidogo, na kazi ya utambuzi ni kujua ni ipi kati ya hizo kabla nati ya kwanza haijalegezwa.

Hakikisha kwanza kwamba ni kuteleza

Tafuta barabara iliyonyooka na yenye magari machache, kama ile ya Singida ukishavuka Nala, kisha mwinuko wa wastani kama ule wa kupandia Chuo Kikuu cha Dodoma. Injini ikiwa imeshapata joto lake la kawaida, ongeza mafuta polepole huku msaidizi akitazama mshale wa mizunguko na ule wa mwendo. Mizunguko ikipanda ghafla bila mwendo kuongezeka, au ikiruka kwa sekunde moja hivi kati ya gia moja na nyingine kabla ya kushuka, hiyo ni giaboksi. Gari likiwa zito lakini mshale wa mizunguko nao ukawa mzito kupanda, giaboksi inashika vizuri na kinachokosekana ni nguvu ya injini, kwa hiyo anza na chujio la hewa, ambalo katika kiangazi cha Dodoma huziba kwa vumbi mapema kuliko kitabu cha gari kinavyokadiria, halafu nenda kwenye plagi, chujio la mafuta na sensa ya hewa inayoingia. Angalia pia kama rimu moja ina joto kupita nyingine, kwa sababu breki iliyokwama huleta uzito unaofanana sana na ugonjwa wa gia.

Magari yenye CVT yanahitaji tahadhari ya pekee. Allion na Premio nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2007 zinatumia mfumo huu, na X-Trail nyingi za kipindi hicho vilevile. CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazobadilisha upana, kwa hiyo ni kawaida yake mizunguko kupanda mlimani na kukaa juu wakati mwendo unaifuata taratibu. Aliyezoea gia nne za kawaida atadhani inateleza. Dalili ya kweli ya ubovu katika CVT ni gari kutetemeka linapoanza kuondoka, mlio wa kunguruma unaopanda pamoja na mwendo, au mshale wa mizunguko kucheza juu na chini ilhali mguu umetulia.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao ungechekesha kama usingekuwa wa gharama. Taa iliyoandikwa SLIP, au yenye picha ya gari lililoacha alama za matairi zilizopinda, inahusu matairi kuteleza barabarani na haina habari na klachi za gia. Ikimulika wakati tairi linasota kwenye mchanga au tope, mfumo unafanya kazi yake. Ikibaki imewaka muda wote, mara nyingi pamoja na ile ya ABS (mfumo wa breki unaozuia matairi kujifunga), mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya mwendo wa gurudumu au waya wake. Nimewahi kukuta gari ambalo giaboksi yake ilishushwa na kurudishwa kwa sababu ya taa hiyo tu, kumbe jiwe lilikuwa limekata waya nyuma ya tairi la mbele.

Oili, na hapa usiwe na haraka

Kama kuteleza kumethibitika, pima oili kabla ya jambo lolote jingine. Kwenye Toyota nyingi zenye dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili, endesha gari kwa dakika 15 hadi 20 ili oili ifike takriban nyuzi 70 hadi 80, liegeshe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na injini ikiwa inaunguruma kwa silensa yake ya kawaida (mizunguko ya chini bila kukanyaga mafuta), pitisha gia kuanzia P hadi ya mwisho na kuirudisha P, ukitulia kidogo katika kila hatua. Kisha chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena na usome kwenye alama ya HOT. Honda hupimwa kinyume: injini inazimwa kwanza, na kipimo kinasomwa ndani ya dakika moja au moja na nusu. Mtu anayepima Honda kama Toyota, au anayepima oili ya baridi kwenye alama ya HOT, atajaza oili ambayo haikuhitajika, na oili iliyozidi hukorogwa na vipuri vinavyozunguka hadi ikafanya povu. Povu halibebi presha, hivyo gari litateleza vilevile kama lililopungukiwa. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana dipstiki kabisa. Kipimo chake ni oili kuanza kuchuruzika kwenye tundu maalumu chini ya giaboksi ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji, na kazi hiyo inahitaji mashine ya kusoma joto na gari lililoinuliwa sawasawa pande zote.

Oili ya giaboksi haipungui kwa kuungua kama ya injini. Ikipungua, imevuja. Tandaza boksi jeupe chini ya gari usiku kucha, na asubuhi tazama matone mekundu yameangukia wapi: usawa wa sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi), usawa wa oili sili (raba za kuzuia uvujaji) za shafti za magurudumu, au mbele kwenye mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Wanaoingia vijijini kwa barabara za mawe wakague sampu yenyewe, kwa sababu sampu iliyobonyea inaweza kukikaribia chujio cha ndani kiasi cha kuzuia ufyonzaji, hata kama haikutoboka. Upungufu wa oili una tabia yake: gari huanza kuteleza likipanda mlima au likikata kona, wakati oili kidogo iliyobaki imekimbilia upande mmoja na pampu ikafyonza hewa, na mara nyingi huambatana na mlio mwembamba unaofuata mizunguko ya injini.

Rangi na harufu hueleza mengi zaidi. Oili nzuri ya kawaida ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Ikiwa ya kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, klachi zimekuwa zikiteleza kwa muda na unga wake umo humo. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa yaliyochanganywa na rangi, maji ya rejeta yameingia, na gari hilo lisiendeshwe hata kwenda gereji ya jirani, kwa kuwa maji hulegeza gundi inayoshikilia bitana za klachi (tabaka lake la msuguano) kwenye pleti zake.

Kisa hiki cha mwisho kina uzito wake hapa kwetu. Oili ya giaboksi hupozwa kwa kupitishwa kwenye kipozeo kidogo kilichomo ndani ya tangi la rejeta, na ukuta mwembamba tu wa chuma ndio unaoitenganisha na maji. Dodoma hutumia kwa sehemu kubwa maji ya visima vya bonde la Makutupora, na visima vingi vya watu binafsi katika kanda hii hutoa maji yenye chumvi. Birika huonyesha magadi yake ndani ya wiki chache. Anayejaza maji hayo kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka anaweka ukoko unaozuia upozaji na kutu inayoula ukuta ule. Ningemshauri kila mwenye gari la otomatiki atumie kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta) iliyochanganywa na maji yaliyotolewa chumvi, hata kama injini yake haijawahi kuchemka.

Aina ya oili nayo si suala la rangi. Jina haidroliki hutumiwa madukani kwa vitu vingi, kuanzia oili ya usukani hadi ya giaboksi, na muuzaji anaweza kukupa chupa yoyote nyekundu kwa nia njema kabisa. Giaboksi iliyoundwa kwa Toyota Type T-IV haipaswi kupewa WS, oili nyingine ya Toyota, kwa kubahatisha, na CVT inataka oili ya CVT, kama NS-2 au NS-3 kwa Nissan, kwa sababu mkanda wake unategemea oili inayotoa mshiko wa chuma kwa chuma. Oili ya kawaida ya giaboksi ndani ya CVT inaweza kuiharibu katika safari chache.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama kubadilisha oili kutaponya gari linaloteleza. Kama oili ilikuwa pungufu au ya aina isiyofaa, na ikashughulikiwa mapema, ndiyo, mara nyingi. Kama ni nyeusi na imeungua, hapana. Bitana zilizokwisha hazirudi kwa oili mpya. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo kabla ya kufungua plagi ya sampu, la sivyo giaboksi ikizima kabisa wiki ijayo italaumiwa oili. Umwagaji wa kawaida hutoa lita 3 hadi 4 hivi tu kati ya jumla inayoweza kufika 7 au zaidi, kwani nyingine hubaki ndani ya toki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na mimi naona ni bora kurudia umwagaji huo mara mbili tatu kwa nafasi ya kilomita mia kadhaa kuliko kuisafisha giaboksi ya zamani kwa mashine yenye presha, ambayo inaweza kuusukuma uchafu uliotulia hadi kwenye njia nyembamba za valvu. Sampu ikifunguliwa, tazama sumaku zake. Uji wa kijivu ulio laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, au chembe nyeusi nyingi za bitana, humaliza mjadala.

Inateleza lini, na kwenye gia ipi

Oili ikiwa sawa kwa kiasi, aina na rangi, tabia ya kuteleza ndiyo inayoelekeza hatua ifuatayo. Gari linaloteleza asubuhi ya baridi ya Juni au Julai kisha likapona likipata joto lina sili za ndani zilizokakamaa, ambazo hupitisha presha mpaka zilainike. Linaloanza vizuri na kuteleza baada ya saa moja ya safari lina oili iliyokuwa nyepesi kupita kiasi kwa joto, pampu iliyochoka, au kipozeo kilichoziba, na hali hii ni mbaya zaidi kuliko ya kwanza. Likiteleza kwenye gia moja tu, kwa mfano kati ya ya pili na ya tatu, shaka iwe kwenye klachi ya gia hiyo au solenoidi inayoiongoza. Likiteleza gia zote mbele na nyuma, shaka ihamie kwenye kitu kinachotumiwa na zote, yaani oili, chujio, pampu na valvu ya presha kuu.

Pima pia muda wa kushika. Gari likiwa limesimama, breki imekanyagwa na silensa imetulia, hamisha kutoka N kwenda D na uhesabu mpaka usikie mshtuko mdogo wa kushika. Kwa vipimo vya Toyota usizidi sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R usizidi 1.5. Kuchelewa kwa upande mmoja tu kunaonyesha klachi ya upande huo. Lipo pia jaribio la kukanyaga breki zote na kupiga resi hadi mwisho kwenye D ili kuona mizunguko inakwamia wapi, lakini halipaswi kuzidi sekunde 5, huchemsha oili kwa kasi ya ajabu, na gari lenye breki dhaifu linaweza kumgonga aliye mbele yake. Mtu asiye na vipimo vya gari lake asilifanye.

Gia zinazogonga kwa nguvu badala ya kuteleza ni habari tofauti: mauntini za injini (raba zinazoishikilia) zilizopasuka, au solenoidi ya presha iliyokwama.

Taa na ujumbe wa dashibodi

Taa ya O/D OFF huwaka mfululizo pale kitufe kilicho pembeni ya leva kinapobonyezwa, na hiyo si hitilafu. Watu wengi hukibonyeza kwa goti bila kujua, gari linakosa gia ya juu, na malalamiko ya mizunguko kuwa juu yanaanza. Ikimulika na kuzima, hasa kwenye Toyota za zamani, kompyuta ya giaboksi imehifadhi kosa. Kwenye nyingi za kizazi hicho makosa husomwa kwa kuunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya uchunguzi ya gari, kwa kipande cha waya na kuhesabu mimuliko: 42 na 61 huhusu sensa za mwendo, 62 na 63 solenoidi namba 1 na namba 2, na 64 solenoidi ya kufunga toki konvata.

Taa ya A/T OIL TEMP, inayopatikana kwenye Prado na magari mengine ya kazi nzito, inamaanisha oili imechemka. Mkono wa dereva hukimbilia swichi kuzima injini, na ni kosa: egesha pembeni, weka P, uiache injini iendelee kwa silensa, kwa kuwa pampu inayopeleka oili kwenye kipozeo inaendeshwa na injini hiyohiyo. Taa ikizima baada ya dakika kadhaa endelea taratibu. Isipozima, ita gari la kubeba.

Taa ya injini hubeba makosa ya giaboksi pia. Kompyuta ikiona hatari huifunga giaboksi kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, ili gari lijikongoje hadi gereji. Gari lililo katika hali hiyo huondoka kwa uzito na dereva hulieleza kuwa linateleza, ingawa klachi zake zinaweza kuwa nzima. Taa ya betri au ya chaji ikiwaka pamoja nayo, shughulikia umeme kwanza, kwa sababu volti zikishuka solenoidi hazifunguki kikamilifu na taa nyingi huwaka kwa mkupuo. Mshale wa mwendo ukifa ghafla siku hiyohiyo gia zilipovurugika, tafuta sensa ya mwendo na soketi yake. Magari yaliyotoka Japani huandika ujumbe kwa Kijapani. Programu ya tafsiri ya simu inayotumia kamera husoma maandishi hayo vya kutosha kujua kama yanahusu giaboksi au mlango uliobaki wazi.

Mashine ya kupimia itoe namba, na namba hizo ziandikwe kabla hazijafutwa. P0700 peke yake ni kengele tu: kompyuta ya giaboksi inasema ina kosa lake, kwa hiyo itafutwe mashine inayoingia hadi huko. P0715 na P0720 ni sensa za mzunguko wa kuingia na kutoka. P0750, P0755 na P0760 ni solenoidi za kubadilishia gia. P0730 hadi P0736 ndizo zinazosema wazi kwamba uwiano wa gia haulingani na ilivyotarajiwa, yaani kompyuta yenyewe imeona kuteleza, na hizo zikija pamoja na oili nyeusi hakuna sababu ya kuendelea kubishana. P0741 inahusu toki konvata isiyofunga, yaani isiyoiunganisha injini na giaboksi moja kwa moja. Unaweza kuihakiki ukiwa kwenye mwendo wa 80 uliotulia kwa kugusa breki kidogo bila kuachia mafuta. Mizunguko ikipanda kidogo, ilikuwa imefunga; isipobadilika, haikuwa imefunga tangu mwanzo.

Namba ya solenoidi haimaanishi solenoidi imekufa. Chomoa soketi ya giaboksi na upime kwa mita: solenoidi za kubadilishia gia za Toyota huwa na omu 11 hadi 15 katika nyuzi 20. Zikiwa sawa, fuata waya kurudi kwenye kompyuta, ukikagua kwa makini sehemu zilizojificha juu ya giaboksi, ambako panya wa magari yanayolala nje hupenda kujenga. Kwa makadirio yangu, nusu saa ya kufuata waya ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote katika utambuzi huu, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Ikiwa ni lazima kushusha

Gari lililokwama lisivutwe kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa yakizunguka, maana injini ikiwa imezimwa pampu hailainishi chochote ndani. Linaloendeshwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele, na la magurudumu yote libebwe zima. Uamuzi ukiwa kununua ya mtumba, iwe Dodoma au Gerezani, Dar es Salaam, soma kwanza kibati cha gari penye neno TRANS/AXLE, kwa mfano U340E kwenye IST nyingi, kwa kuwa giaboksi mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana uwiano wa gia au soketi. Chomoa dipstiki ya hiyo unayouziwa na unuse.

Kabla ya kuifunga, mabomba ya kipozeo yasafishwe, kwani unga wa klachi za giaboksi iliyotoka umebaki humo na utaingia kwenye iliyokuja. Ikishafungwa na kujazwa, legeza bomba la kurudi na uelekeze mdomo wake kwenye chombo, kisha washa injini kwa sekunde chache tu: oili inatakiwa itoke kwa mkondo usiokatika, na ikitoka kwa matone, kipozeo kimeziba na kibadilishwe siku hiyohiyo.